Kunde za Bibi Mwaija

Pongo akila kunde hang'oi, anakata. Anapita tuta kwa tuta kama fundi mwenye mkasi, anachukua ncha laini na maua, anaacha vijiti vya kijani vyenye urefu wa kidole vimesimama wima. Asubuhi nilipoanza kumfahamu vizuri Bibi Mwaija binti Mhina, alikuwa amepiga magoti katikati ya vijiti hivyo, anavigusa kimoja kimoja kama mtu anayetafuta chenye uhai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Pitia huku, usikanyage nyayo zake. Nataka kuona ametokea wapi."

Nyayo zilikuwa ndogo, zimechongoka mbele. Zilitoka kichakani moja kwa moja hadi tuta la kwanza bila kupinda wala kusita, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumfanya mnyama asite. Kwamba hapakuwa na kitu, hiyo ilikuwa kazi yangu.

Ilikuwa Desemba iliyopita, mwaka 1974, katika kijiji chetu kipya cha Kwemgunga, upande wa Handeni, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Kabuku. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ualimu, na kwa kuwa niliweza kuandika barua isiyorudishwa, wakanifanya katibu wa kijiji juu ya kufundisha darasa la tatu. Niliamini kwamba watu wakikaa pamoja, wakalima pamoja na kugawana sawasawa, njaa haitakuwa na mahali pa kuingilia. Ninaamini hivyo hata leo. Ndiyo maana naandika habari hizi kwa hasira.

Bibi Mwaija alizaliwa ng'ambo ya korongo, mahali palipoitwa Kwa Mhina kwa jina la baba yake. Aliolewa na Salimu, mkata mkonge, akazaa watoto watano, akazika watatu na baba yao. Binti mmoja aliolewa Kerenge. Kijana alikwenda Dar es Salaam, na barua zake zilikoma. Yeye akabaki kwenye mji wa mama yake, ndani ya ua ambao mama yake aliupanda: minyaa kwa nje, mikonge kwa ndani, katikati miiba ya kikwata. Ulikuwa na mlango mmoja tu, uliozibwa kwa tawi la miiba kila jua linapokuchwa.

"Miaka arobaini pongo alitutazama kwa nje," aliniambia. "Alikuwa anazunguka, anapiga kelele kama mbwa mwenye kikohozi, anakwenda zake. Sisi tulicheka."

Mwezi wa tisa lori likaja kuwahamisha watu wa Kwa Mhina. Dereva alikuwa na haraka, na watu wengi walipakia vitanda na milango wakaacha vihenge vya nafaka. Bibi Mwaija aliacha kitanda. Alipanda lori na kibuyu mapajani, mdomo wake umezibwa kwa gunzi na mavi ya mbuzi, na ndani yake mbegu za kunde. Zilikuwa nyekundu, ndogo kuliko kunde za dukani, nazo ziliwahi kukomaa hata mvua ikinyesha mara tatu tu. Mama yake alizipata kwa mama yake. Pale kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Nyumba zetu zilipangwa kwa mistari. Nilizipima mwenyewe kwa kamba ya katani: hatua thelathini kutoka mlango hadi mlango. Zilipendeza kuziangalia kutoka barabarani. Bibi Mwaija aliangukia nyumba ya mwisho ya mstari wa mwisho, nyuma yake kichaka.

Katika mkutano wa kwanza nilisimama juu ya meza. Nilisema kwamba ua unaozunguka nyumba ya mtu mmoja ni ukuta kati ya ndugu na ndugu, kwamba tulichokimbia ni ubinafsi, na kwamba kijiji kizima kitakuwa na wigo mmoja, wetu sote. Watu wakapiga makofi. Nikaandika azimio: ni marufuku mtu kuzungushia ua bustani yake.

Mama mmoja mwembamba mwenye kanga iliyopauka akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi ndugu zangu nimewaelewa. Pongo naye ameambiwa?"

Watu wakacheka. Isihaka, balozi wa nyumba kumi za mstari ule, mtu ambaye hakuweza kuacha neno lipite bila kulitia chumvi, akadakia: "Bibi Mwaija, mlete mkutanoni tumkatie kadi ya chama! Akishakuwa mwanachama hataiba."

Na mimi nilicheka. Kisha nikamjibu kwamba wigo wa kijiji utamzuia pongo, na nguruwe, na kila adui.

Basi sikilizeni wigo ule ulivyojengwa. Niliugawa kwa hatua sitini kwa kila nyumba kumi. Kipande kilichopita nyuma ya bustani ya Bibi Mwaija kiliangukia nyumba kumi za sita. Nyumba kumi za sita zilikuwa kamili kwenye daftari langu. Lakini familia saba kati ya hizo zilikuwa zimeondoka kimyakimya, nyingine kwa ndugu zao Manundu, nyingine nisikokujua. Waliobaki walikuwa wazee watatu, mmoja wao kipofu.

Kila kundi lilijenga kipande chake vizuri, likakaa chini. Niliwaomba wamalizie pengo.

"Ile ni zamu ya nyumba kumi za sita," walisema.

"Lakini hawapo."

"Wewe mwenyewe ulisema kila kundi na kipande chake, asiyefanya atatozwa. Tukiwafanyia, atakayetozwa ni nani?"

Maneno yalikuwa yangu mwenyewe. Isihaka na watu wake walikuwa wamejenga hadi kwenye kigingi cha mwisho cha kipande chao, hata tawi moja halikuvuka. Hivyo tukawa na wigo uliozunguka kijiji chote ila hatua sitini. Wigo wenye pengo haumzuii mnyama. Unamwonyesha njia.

Ndiyo njia aliyoifuata pongo ile asubuhi ya Desemba. Bibi Mwaija alikuwa amepanda nusu ya kibuyu kwa mvua za vuli zilizochelewa. Alisimamisha sanamu, akaivika koti la marehemu Salimu alilopewa shambani kwenye mkonge. Siku ya tatu alikuta kinyesi cha pongo miguuni pa sanamu. Akatundika madebe kwenye kamba yagongane upepo ukivuma, na wiki nzima hapakuwa na upepo. Akakoroga mavi ya mbuzi na majivu, akapaka majani kwa ufagio. Hiyo ilisaidia, mpaka iliponyesha mvua moja iliyoosha kila kitu, na mvua nyingine haikuja.

Jirani yake mpya alikuwa Kaleb, Mshambaa kutoka milimani, Mkristo, mtu wa maneno machache. Siku moja alisimama mpakani na mbwa wake.

"Mama Mwaija, chukua huyu umfunge hapo. Pongo hatasogea."

"Ee Mshambaa wewe! Mbwa alambe mboga, kisha nile, kisha nisimame kusali?"

"Mbwa hali kunde."

"Hali, lakini ananusa. Ningekuwa na maji ya kuosha kila jani mara saba, ningekunywa kwanza."

"Basi nimfunge upande wangu."

"Mfunge. Lakini umwambie abweke kwa Kizigua, pongo wa huku hajui Kishambaa."

Kaleb alicheka mpaka akakaa chini. Akamfunga upande wake. Pongo akajua urefu wa kamba ndani ya siku mbili, akawa anapita upande mwingine. Vuli ikaisha, na nusu ya kibuyu ikaisha nayo. Hakuvuna hata ganda moja.

Januari njaa ilituingia. Ulikuja unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, tukapanga foleni. Kila nyumba ilikuwa na siri yake jikoni, na harufu iliitoa nje: watu walikuwa wanachemsha mbegu. Mahindi ya mbegu, mbaazi za mbegu, choroko. Mimi mwenyewe nilikula. Bibi Mwaija alikonda mpaka bangili yake ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko, na kibuyu kilining'inia juu ya mafiga yake, nusu yake imejaa.

Isihaka alimwambia mbele yangu, na safari hii hakuwa anatania: "Bibi, pika hizo kunde. Maiti hapandi."

"Na aliye hai bila mbegu anapanda nini, Isihaka? Makofi?"

Machi mvua za masika zilipoanza, alipanda zote. Hakubakiza. Alinionyesha kibuyu kitupu akakigeuza juu chini.

"Zikiliwa hizi," alisema, "kunde za mama yangu zimekwisha duniani."

Siku chache baadaye alinijia shuleni wakati wa mapumziko. Nikamwamkia, nikamtolea kiti. Hakukaa.

"Nitajenga ua."

"Bibi, kuna azimio."

"Nalijua. Sikuja kuomba. Nimekuja kukwambia mimi mwenyewe, usije ukaambiwa na watu ukaona nimekudharau."

Alijenga kwa muda wa wiki tatu. Alikwenda porini kukata kikwata, akabeba kichwani, akarudi tena. Kaleb alimletea mabua makavu ya mkonge yawe nguzo. Miiba ilimtoboa viganja hadi akawa anashika kikombe kwa vidole viwili kama mtu aliyeungua. Na mimi, katibu wa kijiji, niliacha kupita njia ile. Nilizungukia kwa mbele ili nisione ninachopaswa kuona. Niliuita huo uvumilivu. Ulikuwa woga tu, ila sikuutambua kwa sababu ulikuwa umevaa nguo zangu.

Ua ulifanya kazi. Asubuhi tuliona nyayo zimezunguka nje, zimezunguka tena, zimerudi. Ndani kunde zilitambaa zikafunika udongo, zikatoa maua ya zambarau, kisha maganda. Mwisho wa Mei maganda yalikuwa marefu kama mkono wa mtoto, na machache yalianza kugeuka manjano. Watu walianza kuja kuchungulia juu ya miiba. Mama mmoja aliomba mbegu za mkono mmoja. Bibi Mwaija aliwaahidi wote.

"Wiki moja," alikuwa anasema. "Kunde ya mbegu haichumwi mbichi, inafinyaa. Wiki moja jua likiwaka."

Jumanne ikaja barua. Mgeni mkubwa atapita Alhamisi kuangalia vijiji. Nilisoma barua ile mara tatu, na kila niliposoma niliona kitu kimoja: mistari yangu iliyonyooka, na mwisho wa mstari wa mwisho, boma la miiba la mtu mmoja.

Kamati haikunituma, na yule mgeni hakuniagiza. Lazima hili lieleweke, maana wako watu wanaopenda kusikia kwamba wabaya walikuwa mbali, ofisini. Nilikwenda kwa miguu yangu Jumatano alasiri, nimemchukua Isihaka kama balozi. Bibi Mwaija alikuwa anapalilia. Kaleb alikuwa upande wake anasuka kamba.

"Bibi, kesho kuna mgeni."

"Nimesikia. Karibuni."

"Ua huu hauwezi kuonekana. Tutauondoa leo, Ijumaa tunaujenga tena. Nitaujenga mimi."

Aling'oa gugu lingine. "Wiki moja, mwanangu."

"Ni siku moja tu, bibi."

"Pongo anahitaji siku ngapi?"

"Nitaweka watu walinde."

"Mgeni huyo anakula kunde?"

Nilitegemea Isihaka atasema neno la kuchekesha, tupumue. Yeye alikuwa anaangalia maganda. Basi nilianza mimi. Nilivuta tawi la kwanza, likanichoma, nikafurahi kwamba limenichoma, nikavuta la pili. Baada ya muda Isihaka akaanza kunisaidia huku ameinamisha kichwa. Bibi Mwaija hakulia wala hakulaani. Alitoka akaokota mabua ya mkonge tuliyoyatupa, akayapanga pamoja ukutani ili yasivunjike.

Kaleb alisema kutoka upande wake, "Mwalimu, nitatega tanzi pale penye pengo."

"Wanyama wa pori ni mali ya taifa, Kaleb."

"Na kunde ni mali ya nani?" Akaendelea kusuka.

Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa barabarani na daftari. Nilitaka idadi kamili. Wale niliowaambia wabaki kulinda bustani niliwaita pia, kwa sababu mstari wa watu ulionekana mfupi. Bibi Mwaija alikuja wa mwisho, akaniuliza kama anaweza kurudi akishahesabiwa.

"Asipokukuta hapa ataona nafasi tupu, bibi. Hatakawia."

Alisimama. Tuliimba. Jua lilipanda, tukaimba tena. Saa sita wazee walikaa chini kwenye vumbi, nikawaomba wasimame kwa sababu nilisikia gari, kumbe lilikuwa lori la magogo. Saa tisa alasiri magari mawili yalitokea kwa kasi. Mkono ulitoka dirishani ukapunga. Magari hayakupunguza mwendo. Tulibaki tunatema vumbi, na nyimbo zikakatikia katikati ya ubeti.

Bibi Mwaija alikuwa ameshaondoka, anakimbia. Sijawahi kuona mama wa umri ule anakimbia.

Tulimkuta amesimama kwenye ukingo wa bustani, mikono kichwani. Siku nzima kijiji kilikuwa kimya, hakuna mtu wala moshi, na mnyama alikula kwa nafasi, kama aliyealikwa. Maganda hayakuwepo. Palikuwa na vijiti tu, tuta la kwanza hadi la mwisho. Majani yaliyobaki yalikuwa yamekanyagwa.

Kaleb aliita kutoka kwenye pengo. Pongo alikuwa tanzini, amenaswa akirudi kichakani. Dume, mgongo mwekundu wenye madoa meupe, kamba ya katani imemkaza mguu wa nyuma, tumbo limejaa mpaka ubavu umetuna. Macho yalikuwa yamemtoka. Isihaka alichukua kisu, akamwelekeza kibla, akasoma bismillahi, akachinja.

Hapo ndipo kijiji kilipopata uhai. Tulikuwa hatujala nyama tangu kabla ya Ramadhani. Watu walikuja na mabakuli, wakaanza kugombana: paja la nyumba kumi za kwanza, ubavu wa nani, kichwa cha nani. Wengine walidai Kaleb apate sehemu mbili, wengine wakasema pengo ni la nyumba kumi za sita, kwa hiyo nyama ni yao. Nilipiga kelele kwamba tugawane sawasawa, na sauti yangu mwenyewe ilinichukiza.

Bibi Mwaija alipenya katikati yao.

"Nyama chukueni. Mimi nipeni tumbo."

"Bibi kataka supu ya utumbo!" mtu mmoja akasema, na wachache wakacheka.

Isihaka hakucheka. Alilitoa tumbo zima kwa uangalifu, akalibeba kwa mikono miwili, akamfuata nalo hadi mlangoni kwake. Akaliweka juu ya ungo.

Alilipasua mwenyewe. Yalimwagika majani yaliyosagika, ya kijani kibichi, yanatoa mvuke na harufu kali ya uchachu. Akaingiza mikono hadi kwenye viwiko, katika vidonda vile vya miiba, akaanza kutafuta. Ndipo nilipoelewa. Nilikwenda mbio shuleni, nikarudi na ndoo ya maji ya kunywa ya wanafunzi.

"Mimina pole pole," aliniambia. Ndilo neno la kwanza alilonipa tangu asubuhi kule barabarani.

Nilimimina. Alipepeta, akaosha, akatupa, akapepeta tena. Mnyama anayecheua humeza kwanza, kutafuna huja baadaye akipumzika. Huyu hakupata nafasi ya kupumzika. Kaleb alileta maji mengine. Wale wenye mabakuli walianza kusogea, mmoja mmoja, wakatuzunguka. Mbegu nyingi zilikuwa zimevunjika, nyingine zilikuwa laini kama uji. Kila alipopata iliyo nzima aliibonyeza kwa kucha, akaisikiliza kwa kidole, kisha ama aliitupa ama aliiweka juu ya ukingo wa kanga yake. Tulikaa pale hadi jua likaanza kushuka. Mwisho palikuwa na mbegu kumi na saba, si nyekundu bali rangi ya maziwa, zimevimba.

"Hazitakauka hizi," alisema. "Zikilala zitaoza. Zinapandwa leo."

Alipanda zote kumi na saba karibu na ukuta wa nyumba, kila moja na shimo lake. Mimi nilirudisha miiba. Hakuna aliyenisaidia kwa kitambo. Kisha Isihaka akaweka bakuli lake chini akashika tawi, na watu wengine wakaenda moja kwa moja kwenye pengo la hatua sitini, bila mtu kuwauliza ni zamu ya nani.

Kati ya zile kumi na saba, zimeota mbili. Leo nimepita nikamkuta amezichutamia, anazikinga jua kwa jani la mgomba. Mvua za masika zimekwisha. Kaleb anampa maji aliyonawia uso, mimi nampelekea ya kwangu. Mche mmoja una majani matano. Wa pili una matatu, na moja lina doa ambalo halikuwepo jana.

Imekuja barua nyingine. Mgeni atapita tena mwezi wa nane. Sijamwambia mtu yeyote aende barabarani.